Jalada la Komeo

Chamazi, 20 Februari 2025

Mjomba Hilal,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Mama mkwe wangu, Bi Hamdiya, anaendelea vizuri isipokuwa magoti, na Shemeji Aiman ameinua ukuta wa uzio upande wa barabara iendayo uwanjani, kwa hiyo siku za mechi kelele zimepungua. Nashukuru kwa rambirambi ulizomtuma binti yako Rumaisa azilete siku ya maziko. Amekua. Sikumuuliza kwa nini hukuja mwenyewe, na wewe pia sikuulizi.

Leo ni siku ya kumi na saba tangu mume wangu Talha afariki. Nimekaa eda katika chumba cha nyuma kilichokuwa ofisi yetu, na nitakaa humu hadi itimie miezi minne na siku kumi. Mwanamke aliye edani hajipambi wala hatoki bila dharura, na sina malalamiko juu ya hilo. Ni haki ya Talha juu yangu.

Jambo lenyewe ni hili. Pengine hujui, kwa kuwa tangu nilipoolewa hatujaandikiana, kwamba mimi na Talha tulikuwa tukitengeneza mchezo wa kompyuta. Mimi niliandika programu, yeye alichora. Unaitwa Komeo. Mwanamke yumo ndani ya nyumba ya vyumba kumi na viwili, na kila anapofungua mlango mmoja, mwingine hujifunga nyuma yake. Mchezaji hana budi kuamua ni mlango upi aukubali kuupoteza. Mchezo umekamilika. Kilichobaki ni jalada, yaani ile picha moja ambayo mnunuzi huiona katika duka la mtandaoni kabla ya kujua jambo jingine lolote. Duka limetupa nafasi ya kuanza kuuza mwezi wa Juni, kwa sharti kwamba jalada liwafikie si baada ya tarehe 12 ya mwezi huo. Likichelewa, nafasi inafutwa. Talha alifariki kabla hajachora hata mstari.

Wewe umesanifu majalada ya vitabu kwa miaka thelathini na moja. Mimi najua kuchora mraba.

Ni vyema pia nitaje kwamba barua hii ataileta Shemeji Aiman, aendapo Tegeta kufuata mzigo wa duka lake la saruji, na ataipitia kwanza, kama ilivyo desturi ya nyumba hii kwa kila karatasi inayotoka na kuingia. Simu naipokelea sebuleni, mbele ya wote. Kwa hiyo tuandikiane kuhusu jalada.

Mpwa wako,
Raudha

*

Madale, 9 Machi 2025

Mwanangu Raudha,

Marahaba, na Mwenyezi Mungu azipokee saumu zenu. Sisi ni wazima. Maji hayajapanda mlimani kwetu tangu Jumanne. Rumaisa huyabeba kwa madumu na hunikumbusha kila hatua aliyopiga. Nilipomsomea barua yako aliuliza kama katika mchezo huo kuna watu wa kupigana nao. Nilimjibu kwamba sijui. Akasema, “Sasa Baba, utamsaidiaje mtu jalada la kitu usichokijua?” Swali lake ni la haki, na nakurudishia wewe: je, unakijua ulichokitengeneza?

Nauliza kwa sababu watu wengi hudhani jalada ni muhtasari. Mwandishi hunijia na hadithi yenye harusi, mafuriko na kesi mahakamani, naye hutaka vyote vitatu vionekane. Jalada si muhtasari. Ni ahadi inayotolewa kwa mtu asiyekujua, anayepita kwa haraka, na ambaye hana sababu yoyote ya kukuonea huruma. Ahadi huwa moja. Ukimwahidi mambo sita kwa pamoja, anasikia kelele.

Katika duka lenu, nadhani, jalada halisimami peke yake; limebanwa kati ya mengine makumi, nalo halizidi ukubwa wa stempu. Basi usilichore likiwa kubwa ukajifurahisha nalo. Kila siku lipunguze hadi ukubwa wa stempu, libandike ukutani, urudi nyuma hadi ufike mlangoni, kisha ujiulize unaona nini. Usijiulize unajua kuna nini. Kati ya maswali hayo mawili ndipo kazi zetu nyingi zinapoharibikia.

Na kabla hujashika kalamu, amua mtazamaji amesimama wapi: ndani ya nyumba au nje yake?

Mimi sina kompyuta, na simu yangu ni ya vitufe. Niletee karatasi.

Mjomba wako,
Hilal

*

Chamazi, 24 Machi 2025

Mjomba Hilal,

Shikamoo. Huku kwema. Wageni wa kufuturu ni wengi, na tambi za Bi Hamdiya bado hazina mpinzani mtaani. Mimi huletewa sahani yangu chumbani.

Naambatanisha jaribio la kwanza. Nimechora nyumba kwa kuitazama picha ya nyumba hii hii: ukuta wa rangi ya tofali, mlango wa kijani, komeo la chuma. Nimeweka madirisha kumi na mawili, moja kwa kila chumba, mwanamke katika dirisha la juu, mwezi, paka (kwa maana paka yumo katika mchezo na ana umuhimu), funguo zikining'inia, na jina kwa hati ya nakshi aliyoichagua Talha. Mtazamaji amesimama nje. Sikulifikiria swali lako. Nilichora nikakuta yuko nje.

Kuna shauri jingine. Bi Hamdiya aliingia nikiwa kazini akasimama nyuma ya kiti.

“Huyu mwanamke nani?”

“Ni wa kwenye mchezo, mama.”

“Na mwanangu yuko wapi?”

Nikamweleza kwamba jina la Talha litatajwa mwishoni, mchezaji anapomaliza.

“Mwishoni! Watu wanunue kazi ya mtu wasimwone uso? Muweke hapo mbele. Ile picha ya kanzu ya harusi, anacheka vizuri ile.”

“Mama, wanunuzi wengine wako Brazili, wengine Japani.”

“Basi na Brazili wamjue.”

Shemeji Aiman alisikia kutoka ukumbini akasema mama amesema kweli, na kwamba kwa heshima ya marehemu shauri hilo limekwisha. Nusu yangu inakubaliana nao, Mjomba. Nami ningependa Brazili wamjue.

Mpwa wako,
Raudha

*

Madale, 14 Aprili 2025

Mwanangu Raudha,

Marahaba. Idi yetu ilikuwa ya kimya na ya salama. Mvua zimeanza kwa nguvu.

Picha yako niliipeleka stationari nikaitolea fotokopi nyeusi na nyeupe, kama nilivyofanya kwa kila jalada nililowahi kulisanifu. Wenzangu walinicheka kwa hilo kwa miaka mingi. Lakini rangi huongopa. Humvutia aliyezichagua na kumficha udhaifu wa alichokijenga. Mashine ya fotokopi haina mapenzi na mtu, hubakiza nuru na kiza tu. Kama picha imesimama bila rangi, rangi zitaipamba. Kama haikusimama, hakuna rangi itakayoiokoa.

Yako haikusimama. Kijani chako na rangi yako ya tofali vina uzito mmoja wa kiza; katika fotokopi vimekuwa jivu moja. Nyumba yako haina mlango. Niliutafuta ukingo wake kwa kioo cha kukuzia nisiuone. Rumaisa aliitazama akiwa kwenye mlango wa jikoni akauliza, “Hilo friji?” Madirisha kumi na mawili ndiyo yaliyobaki, na mbele yake ile hati ya nakshi, ambayo kwa ukubwa wa stempu husomeka kama nywele zilizoanguka kwenye sahani. Una jina la herufi tano. Wasanifu wengine wangelilipia. Liandike kwa herufi nene, zisizo na madoido, liwe na nafasi ya kupumua.

Mwezi utoke. Funguo zitoke. Paka namheshimu, lakini atoke.

La uzito zaidi ni hili. Komeo umelichora upande wa nje. Je, umekusudia? Mtu aliyefungiwa kwa komeo la nje hachezi. Ni mfungwa, naye husubiri tu mwingine amfungulie. Hapo hakuna mchezo wa kumuuzia mtu.

Kuhusu uso wa Talha, mfikishie Bi Hamdiya salamu zangu na heshima zangu. Uso wa marehemu humwambia mpita njia: huzunika. Mpita njia hajampoteza mtu, kwa hiyo atapita. Talha mweke ndani, mahali ambapo mtu atakayefika atakuwa tayari ameipenda kazi yake.

Kuja Chamazi nikuelekeze kwa mkono hakutawezekana. Barabara yetu imekatwa na mvua.

Mjomba wako,
Hilal

*

Chamazi, 18 Mei 2025

Mjomba Hilal,

Shikamoo. Barua hii inaletwa na Mauwa, fundi cherehani anayenishonea nguo za eda. Hakuna aliyeipitia. Kwa mara ya kwanza naandika kama niongeavyo.

Barua yako ya tarehe 14 Aprili nimeipata juzi tu. Shemeji aliisoma mezani, na nilimsikia nikiwa huku chumbani.

“Mnaona? Kakaa huko kilimani, anaandika nyumba yetu haina mlango. Aliye ndani ni mfungwa. Huyu alikula chakula cha nani humu hata atutukane?”

Nikasema kwa sauti nikiwa nyuma ya pazia, “Anazungumzia picha, shemeji.”

“Mie siyo mtoto, Raudha. Eti paka atoke! Ndiyo picha hiyo?”

Ningecheka kama ningeweza. Aliiweka barua juu ya kabati, ikakaa huko wiki nne. Mauwa alikuja kumpima Bi Hamdiya nguo ya Idi, akaiona, akaikunja pamoja na vitambaa vyake. Mwanamke huyo hana maneno mengi. Alinipa na kusema, “Shika, da Raudha. Mimi sijui kusoma ya watu,” nasi sote wawili tunajua kwamba anajua kusoma.

Sasa lile ambalo sikukuandikia. Eda inamalizika tarehe 10 Juni. Shemeji Aiman, ambaye tangu alipoachana na mama wa watoto wake anaishi peke yake ghorofani, ameshanieleza yatakayofuata. Nikikubali kuwa mkewe, nitabaki na chumba hiki na kompyuta hii, na mchezo utatoka, uso wa Talha ukiwa jaladani. Nikikataa, kompyuta ni ya marehemu, mchezo ni wa marehemu, na mimi nitaondoka na nguo zangu. Baba mdogo Marijani, aliyeniozesha, amekwisha kuridhia kwa simu akiwa Kipawa. Alinipongeza.

Hakuna aliyenifungia, Mjomba. Ndiyo sababu ni vigumu kueleza. Geti liko wazi kutwa kwa ajili ya wateja wa saruji. Wananiita mwanangu, wananiletea chakula kikiwa cha moto, na Bi Hamdiya hulia usiku kwa ajili ya mtu yule yule ninayemlilia mimi. Kutoka kiti hiki hadi mlango wa mbele ni hatua kumi na tisa. Nimezipiga mara nyingi nikiwa nimekaa.

Nilipoisoma barua yako ndipo nilipoelewa kwamba Shemeji hakukosea kabisa. Nilichora nyumba hii, nikaweka komeo nje, na sikuona. Basi nimefuta yote. Naambatanisha jaribio la nne. Mtazamaji sasa yuko ndani, nyuma ya mwanamke. Yeye anaonekana mgongo tu, mweupe kwa nguo za eda, mkono umeinuka. Mbele yake mlango mweusi, na komeo liko upande wake. Juu, herufi tano. Hakuna kitu kingine. Nimeichapa nyeusi na nyeupe, niliitazama kutoka mlangoni, na niliuona mlango.

Katika pindo la nguo aliyoibeba Mauwa kuna flashi. Mchezo wote umo, pamoja na michoro yote ya Talha. Kompyuta na ibaki.

Na swali ambalo mara ya kwanza sikuliuliza, sasa naliuliza. Mvua zilikatika mapema mwezi huu. Mauwa anasema barabara yenu ni kavu. Mbona hukuja? Si kwenye ndoa yangu, si kwenye maziko, si sasa.

Raudha

*

Madale, 29 Mei 2025

Mwanangu Raudha,

Marahaba. Flashi imefika, na Rumaisa ameiweka ndani ya mkebe wa majani ya chai, mahali anapoamini kwamba mwizi hafiki.

Nitakujibu kwa mpangilio, kwa sababu bila mpangilio sitajibu.

Marehemu dada yangu Zubeda aliponiachia wewe ulikuwa na miaka tisa. Nilikulea miaka kumi na mitano. Najua kwamba mjomba haozeshi. Haki ya kukuozesha ilikuwa ya baba yako mdogo, na sheria hiyo sina ugomvi nayo. Lakini habari ya ndoa yako niliipata jioni ya siku ile ile, kwa mtu aliyeniletea sahani ya biriani iliyofunikwa. Nilisimama mlangoni na ile sahani. Biriani sikuila. Niliapa kwa jina la Mungu kwamba sitakanyaga mlango wa nyumba uliyoolewa, na kwa miaka minne nimekuwa mtu wa neno lake, jambo ambalo nililiita heshima. Mvua ilikuwa kisingizio. Hata Talha alipofariki nilifika hadi kituo cha Mbagala, nikashuka, nikarudi. Hili hata Rumaisa halijui.

Kwa hiyo nilikuandikia kuhusu mahali pa kusimama mtazamaji, nikiwa nimesimama nje.

Kiapo kina kafara yake, nayo ni kuwalisha masikini kumi. Ijumaa iliyopita nimewalisha. Rumaisa alipika, na nilichagua biriani kwa makusudi. Kiapo kimevunjwa kwa njia yake, na miguu yangu ni huru.

Kuhusu Shemeji yako: kumposa waziwazi mwanamke aliye edani hakuruhusiwi, naye anajua hivyo, na Marijani anajua zaidi. Mjane haozeshwi bila idhini yake. Mchezo ulikuwa nusu wako tangu mwanzo, na katika nusu ya Talha una fungu lako la mirathi. Nitayasema hayo mbele yao, kwa sauti ya chini, nikiwa nimekaa, kama watanipa kiti.

Kuhusu jalada: nilichukua picha arobaini za michezo mingine ambazo Rumaisa alizitafuta, nikazipunguza zote hadi ukubwa wa stempu, nikaibandika yako katikati. Nilimwita kutoka uani. Jicho lake lilikwenda kwenye yako kwanza, akauliza, “Huyo dada anatoka, au anazuia mtu asiingie?” Raudha, katika miaka thelathini na moja sijui kama niliwahi kusanifu jalada lililomfanya mtu aulize swali zuri kama hilo. Usilijibu. Anayetaka jibu atanunua.

Nina sahihisho moja tu. Kila kitu ni kiza isipokuwa mgongo wake, na macho hayana pa kwenda. Weka ufa wa nuru pembeni mwa mlango, mwembamba, upana wa uzi. Usizidishe.

Nitafika Jumatano, tarehe 11 Juni, saa mbili asubuhi, kwa teksi. Jalada tutalituma dukani mchana wa siku hiyo, tukisharudi hapa, kwa kompyuta ya jirani, siku moja kabla ya mwisho. Sijawahi kufika kwenu. Niambie mlango una rangi gani, niutambue.

Hilal

*

Chamazi, 8 Juni 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, na Idi njema. Mauwa anasubiri, kwa hiyo naandika kwa ufupi.

Ufa nimeuongeza. Mara ya kwanza niliufanya mpana, nikaupunguza mara tatu. Nakala ya mwisho anayo Mauwa, kwenye flashi nyingine.

Jana Bi Hamdiya aliingia akiwa amevaa nguo yake mpya. Alikaa kitandani kwangu, akatoa ile picha ya kanzu ya harusi ikiwa na fremu yake. Alisema, “Kama hutaki kumweka mbele, basi mweke kwako.” Kisha akaniuliza kama begi langu lile la zamani bado linafunga vizuri. Aliacha mafuta ya taa kidogo katika kikombe, ya kulainishia zipu. Shemeji hajui. Amekwisha kumwalika Baba mdogo Marijani aje Jumatano hiyo hiyo, saa nne, pamoja na shehe.

Naogopa. Nakuandikia hivyo ili usinikute jasiri ukashangaa nikibadilika.

Mlango ni wa kijani na ukuta ni wa rangi ya tofali. Kwa jicho lako vitakuwa jivu moja, kwa hiyo usitafute rangi. Komeo liko upande wa ndani. Leo alfajiri nilizipiga zile hatua kwa miguu, nikaligusa. Ni zito, lakini linavutika. Jumatano saa mbili kasoro nitakuwa nimelivuta, na utaona ufa, upana wa uzi.

Ukikuta umefungwa, gonga, wala usirudi Mbagala. Nitakuwa nimesimama nyuma yake.

Raudha